Uzito wa Ukutani

Yoeli Masima alivunjika mgongo saa nne asubuhi, mbele ya wakwe zake watarajiwa, akiinua gunia ambalo ukuta ulikuwa umemwambia analiweza.

Nehemia Chilongani alisimuliwa habari hiyo na Damari, mke wa Yoeli, Jumapili baada ya ibada, wakiwa wamekaa uani kwao pale Kibaigwa. Wageni walikuwa wametoka Gairo kuleta posa ya binti yao mdogo. Chai ikiwa inamiminwa, mkokoteni unaojiendesha ukafika na mahindi ya shambani, ukasimama barabarani, kwa kuwa mikokoteni ile hairuhusiwi kuvuka geti la mtu. Ukateremsha magunia sita getini, ukaimba kiwimbo chake cha kuaga, ukaenda zake. Vijana waliokuja na posa wakataka kuinuka. Yoeli akawazuia.

"Alisema, 'Kaeni, wageni wangu, mimi nina tisini na tano,'" Damari alisema. "Shemeji, hata sikujua ni tisini na tano ya nini. Nilidhani anataja umri wa mama yake."

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikamshinda, akajifunika uso kwa khanga. Nehemia aligeuza macho kuelekea getini. Alikuwa amelipita lile gunia getini wakati anaingia. Lilikuwa bado limelala pale lilipodondokea, hakuna aliyethubutu kuligusa, na yeye alikuwa amelisukuma kwa mguu mara moja tu. Mara moja inamtosha mtu aliyebeba magunia miaka ishirini na mitatu. Lilikuwa la tisini kamili, halikuongezwa hata kisonzo kimoja cha mahindi.

Yeye na Yoeli walikuwa wachukuzi wa soko la mahindi, genge moja, mpaka mikokoteni ilipokuja ikawarudisha nyumbani wakiwa na mabega mapana yasiyo na kazi. Kisha saratani ya tezi dume ikawakuta wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama vile nayo ilikuwa inapanga zamu. Wakaanza kudungwa ile sindano ya kila miezi mitatu inayofunga homoni ya kiume ili saratani ikose chakula. Sindano inafanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini inakula na vingine. Nyama za mikono zinayeyuka, tumbo linatangulia mbele, joto linampanda mtu ghafla katikati ya maongezi, na mifupa inakuwa mepesi kama mabua. Matiti nayo yanachomoza. Wale wanaume waliokutana kila Jumanne kwenye kituo cha mazoezi ya wagonjwa walijiita wenyewe Timu ya Maziwa, na ole wake mtu wa nje aliyethubutu kuwaita hivyo.

Chumbani, Yoeli alikuwa amelazwa chali juu ya ubao. Pingili mbili zilikuwa zimepondeka, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari na mwili wake.

"Nilipolifikisha magotini nililijua," alisema akitazama dari. "Mikono iliniambia, 'Yoeli, liache.' Nikaiambia, nyie mmezeeka, ukuta haudanganyi."

"Pumzika, ndugu yangu."

"Lilikuwa la ngapi?"

"Tisini."

"Tisini?" Yoeli akafumba macho, na machozi yakamtoka kuelekea masikioni. "Tisini! Na mimi nina tisini na tano. Basi ni uzembe wangu. Nimejiaibisha mwenyewe mbele za wakwe."

Hapo ndipo hasira ilipomwingia Nehemia. Haikuwa ile ya kupanda na kushuka pamoja na joto la sindano. Hii ilikaa. Alimshika Yoeli mkono, akaaga, akatoka bila kuimaliza chai ya Damari, na njia nzima alitembea akiongea peke yake.

*

Siku iliyofuata alikwenda kituoni na baiskeli, na juu ya baiskeli alikuwa amefunga gunia lililojazwa nusu. Alikuwa ameliwekea mahindi kwenye mzani wa soko mpaka mzani ukasema kilo arobaini, halafu akalishona mwenyewe.

Perusi Senyagwa, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, alikuwa peke yake akifuta mashine. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mpole, mwenye tabia ya kumshika mzee mkono anapomsalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Washa Bega."

"Leo Jumatatu, baba. Zamu yenu ni kesho."

"Nimesema washa, binti."

Mashine ile waundaji wake waliiita Bega. Haikuwa na chuma hata kimoja cha kuinua. Mtu alivaa fulana ya nyuzi, akashika vishikio viwili vilivyofungwa kwa mikanda kwenye sakafu, na umeme ukipita, nyuzi na mikanda vinakaza. Mkazo ule ndio uzito. Uzuri wake ni kwamba akili ya mashine ilikuwa inaisikiliza mifupa ya mtu muda wote, na mfupa ukianza kulalamika, mashine inalegea kabla mwenyewe hajasikia maumivu. Kwa wanaume wenye mifupa ya mabua hiyo ilikuwa neema. Katika miaka miwili hakuna aliyeumia ndani ya chumba kile, hata ukucha. Kila mtu alipomaliza kuinua, ukuta uliandika kilo zake kwa mwanga wa kijani, na wenzake wakampigia makofi.

Nehemia alilishusha gunia, akaliweka sakafuni mbele ya mashine. Akachuchumaa, akaliinua mpaka kiunoni, akalishusha. Akavaa fulana, akashika vishikio.

"Ongeza," alisema. "Ongeza tena. Bado. Hapo, simama hapo."

Akainua. Akaachia vishikio, akarudi kwenye gunia, akaliinua. Akarudi kwenye Bega. Alifanya hivyo mara tatu, jasho likimtoka mpaka kwenye nyayo, na mara zote tatu mikono yake ilitoa jibu lile lile. Ndipo akageuka kuutazama ukuta. Ukuta ulikuwa umeandika themanini na nane.

"Sasa taja," alimwambia Perusi.

"Nitaje nini, baba?"

"Unajua sokoni tulikuwa tunafanyaje? Wawili wanainua gunia, wa tatu anaweka bega. Kabla halijatua, mpandishaji anataja uzito kwa sauti. 'Tisini!' 'Mia!' Kama mfanyabiashara amelishindilia mahindi mpaka limeota kichwa, anapaza sauti, 'Lumbesa, mia na thelathini!' ili mwenzake akaze magoti. Mimi nilikuwa mpandishaji miaka kumi na tisa. Mpandishaji akitaja uongo, genge linamfukuza siku hiyo hiyo, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti. Sisi tuliibiwa na mizani, tukaibiwa na lumbesa, lakini hatukuibiana sisi kwa sisi. Taja uzito huu."

Perusi alikaa kwenye benchi. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua.

"Arobaini na moja," alisema. "Umekosea kilo moja tu."

Nehemia alikuwa amelijua jibu tangu jana, na bado lilimpiga. Maana kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Miezi mitatu nyuma, siku ukuta ulipomwandikia tisini kwa mara ya kwanza, mikono yake ilikuwa imemnong'oneza kwamba huu ni uzito wa debe mbili. Aliisikia vizuri. Lakini wenzake walikuwa wanapiga makofi, na yeye alikuwa hajapigiwa makofi tangu mikokoteni ije, kwa hiyo akanyamaza. Wiki iliyofuata Yoeli alipopata tisini na tano, Nehemia ndiye aliyempiga mgongoni akamwambia, "Bega lako limerudi, mwamba!" Mpandishaji wa miaka kumi na tisa alikuwa amemtajia mwenzake uzito wa uongo.

"Nani aliamua?" aliuliza.

"Mashine ina kitufe. Wenyewe wanakiita Tia Moyo. Niliyekibonyeza ni mimi."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini!" Upole ukamtoka Perusi. "Kundi la kwanza lilikuwa na wanaume ishirini na mbili. Niliwaonyesha namba za kweli, kilo moja kwa mwezi, miezi mingine sifuri. Walikuwa wanaume waliozoea kubeba, kulima, kuchimba visima. Walitazama ukuta, wakanitazama mimi, wakavaa mashati wakaenda nyumbani. Walioacha mazoezi wakaacha na sindano. Walisema heri wafe wakiwa wanaume. Tumezika tisa, na mmoja wao ni baba yangu. Sasa nina kundi la watu kumi na watano, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Mnafanya mazoezi, na mazoezi ni ya kweli! Misuli mnayopata ni ya kweli. Namba tu ndiyo..."

"Namba tu ndiyo iliyomvunja Yoeli."

"Nimebandika tangazo mlangoni. Msinyanyue kitu nje ya kituo."

"Unamwambia mtu ana nguvu ya kubeba gunia, halafu unabandika karatasi ya kumkataza kubeba gunia? Mavuno yako uani? Mkewe anamtazama? Wewe umesoma, Perusi, lakini akili nyingine haiko vitabuni."

Perusi alianza kulia, na Nehemia alichukia zaidi, kwa sababu kilio kile kilikuwa cha kweli na yeye hakutaka kumhurumia.

"Kesho nitawaambia wote," alisema.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Subiri mpaka Ijumaa."

"Kuna nini Ijumaa?"

"Alhamisi nesi anakwenda kwa Mwalimu Hamdani na sindano yake. Akishadungwa tuna miezi mitatu ya kumzoesha, polepole. Ukisema kesho, hatadungwa. Unamjua."

Nehemia alimjua. Mwalimu Hamdani Kiloko, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyefiwa na mkewe, kabla ya kundi hili aliwahi kuacha sindano miezi saba akajifungia ndani. Alirudishwa na ukuta ule ule, ulipomwandikia hamsini, halafu sitini. Alikwishatangaza mbele ya kundi zima: "Siku nikishuka chini ya themanini, msinidunge tena. Mtakuwa mnadunga maiti." Wiki iliyopita ukuta ulimwandikia themanini na nne.

"Ana ngapi hasa?"

Perusi aliandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akampa. Nehemia alikifungua na kukifunga haraka, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake hajavaa.

"Saratani yake imeshagusa nyonga," Perusi alisema. "Akikosa sindano hii, hatafika mvua za mwakani. Siku tatu tu, baba. Nakuomba siku tatu."

"Na Lechipya wa kundi letu je? Si alisema Jumatano atapakia magunia yake mwenyewe?"

"Mwambie yeye peke yake asipakie."

"Na wengine? Nyumba gani Kibaigwa wiki hii haina gunia mlangoni?"

Perusi aliinama akaendelea kufuta mashine. Nehemia alifunga gunia lake kwenye baiskeli. Aliondoka hajui atafanya nini, na kutokujua huko kulimkasirisha kuliko yote yaliyotangulia. Kama angekuwa na adui mmoja wa kumtukana, angelala vizuri.

*

Jumanne asubuhi walikuwa kumi na wanne. Nafasi ya Yoeli ilikuwa wazi na hakuna aliyesimama pale. Walisalimiana, wakataniana kidogo, wakasema pole ya Yoeli kwa namna ya watu wanaomlaumu aliyeumia. "Aliinua vibaya," mmoja alisema. "Alikunja mgongo," alisema mwingine. Lechipya, aliyekuwa fundi visima zamani, alisema yeye kesho atapakia magunia yake manane, na atawaonyesha vijana namna ya kuinua kwa magoti.

Mwalimu Hamdani alikuwa pembeni akijifunga fulana, vifungo vyote hadi cha juu, kama mtu anayekwenda kusimamia mtihani.

Nehemia aliitwa wa kwanza. Akavaa, akashika, akainua. Ukuta ukaandika mia na tatu, na makofi yakalipuka. Alisimama katikati ya makofi yale, akamtazama Mwalimu, akamtazama Lechipya. Mmoja angeweza kufa kwa kusikia, na mwingine kwa kutosikia. Usiku kucha alikuwa amegeuza jambo hilo na hakupata upande wenye nafuu. Lakini aliona kwamba tofauti ilikuwepo. Mwalimu akisikia, atakuwa na la kuamua. Lechipya asiposikia, atakuwa ameshaamuliwa.

"Msipige makofi," alisema.

Wengine walidhani ni utani, wakaongeza.

"Nyamazeni, wazee wenzangu! Hiyo mia na tatu ni uongo. Nimeinua arobaini na saba. Ukuta huu unatuongezea. Unatuongezea wote, tangu siku ya kwanza. Nimepima jana kwa gunia la mzani, mwulizeni huyu binti. Yoeli hakuinua vibaya. Yoeli alikuwa na nguvu ya kuinua nusu ya gunia lile, na hakuna aliyemtajia. Na mimi nililijua nikanyamaza, kwa sababu nilipenda makofi yenu."

Wote walimgeukia Perusi. Angeweza kukana, na wengi wangemwamini yeye. Alisimama na mikono yake ubavuni.

"Ni kweli," alisema. "Niliyefanya ni mimi."

Kelele iliyofuata Nehemia hakuisahau. Walimtukana Perusi, mtu wa umri wa binti zao, kwa maneno ambayo baadaye waliyaonea haya. Halafu wakamtukana Nehemia. Lechipya, ambaye mgongo wake ulikuwa umeokolewa dakika hiyo hiyo, ndiye aliyekuja juu kuliko wote.

"Nani alikutuma?" alifoka, mate yakimruka. "Nani alikuomba? Mke wangu ameanza kuniita baba fulani tena! Sasa nikamwambie nini?"

"Kamwambie hutapakia magunia kesho."

"Wivu tu! Mchukuzi huwezi kuona mwenzako anapanda!"

Kiatu kilirushwa kikagonga ukuta, na mwanga wa kijani ukazimika nusu, ukabaki unaonyesha sifuri moja. Mzee mmoja alikaa chini akalia kimya huku joto la sindano limempanda, uso wote maji, asijulikane ni jasho au ni machozi. Nehemia alisimama akapokea yote. Yalimuuma, na aliona kwamba sehemu ya maumivu yale ilikuwa halali yake.

Katikati ya zogo, Mwalimu Hamdani alifungua vifungo vyake kimoja kimoja. Alivua fulana, akaikunja kama nguo ya shule, akaiweka juu ya benchi. Alipita karibu na Nehemia bila kumtazama, akatoka.

*

Alhamisi nesi alibisha hodi kwa Mwalimu nusu saa nzima. Nehemia alimkuta barazani na kisanduku chake cha baridi, akitaka kuondoka.

"Nisubirie kidogo, mama," alimwambia, akazunguka nyuma, akapitia jikoni.

Mwalimu alikuwa sebuleni amekaa wima kwenye kiti, amevaa shati safi.

"Mbukwa, Mwalimu," Nehemia alimsalimu Kigogo, kwa heshima.

"Yule mwanamke nje ana adabu kuliko wewe. Yeye anabisha hodi. Umekuja kuniomba msamaha?"

"Hapana."

"Basi zangu ni ngapi?"

Karatasi ya Perusi ilikuwa bado mfukoni. Nehemia alifikiria kusema hamsini. Hamsini ilikuwa namba ya huruma, haikuwa kubwa wala haikuwa ya aibu, na Mwalimu angeweza kuimeza na sindano juu yake. Neno lilimfika kwenye ulimi, na kwa mara ya kwanza alimwelewa Perusi mpaka ndani kabisa, jinsi kidole chake kilivyokifikia kile kitufe.

"Thelathini na moja," alisema.

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama anayesahihisha daftari la mtoto aliyekuwa anamtegemea.

"Mke wangu alipougua," alisema, "nilimbeba miezi mitano. Kutoka kitandani kwenda bafuni, kutoka bafuni kwenda kitandani. Alikuwa na kilo hamsini na nane. Hakupenda kubebwa na mtu mwingine. Kila Jumanne ukuta ukiniandikia themanini, nilikuwa namwambia moyoni, 'Mama Zuhura, bado naweza kukubeba.' Hilo tu. Sikutaka kubeba gunia la mtu. Nilikuwa na jambo hilo moja, nawe umelichukua mbele ya watu kumi na wanne."

Nehemia alisimama na kofia yake mkononi. Alitamani Mwalimu angemtukana kama Lechipya.

"Ulipoanza ulikuwa na kumi na tisa," alisema mwishowe. "Perusi ameiandika hapa. Kumi na mbili umeziongeza wewe. Hizo hakuna aliyekupa."

"Usinifundishe hesabu!" Mwalimu alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimefundisha kutoa na kujumlisha miaka thelathini na nne! Thelathini na moja kutoa hamsini na nane, nipe jibu! Nipe!"

"Huwezi kumbeba."

"Sema tena!"

"Huwezi kumbeba tena, Mwalimu! Na mimi siwezi kubeba gunia. Na Yoeli hawezi kusimama! Nitasema mara ngapi?" Nehemia naye alikuwa anapiga kelele sasa, na hakujali nesi anasikia. "Yoeli analala pale anajilaumu yeye! Kama ningenyamaza mpaka Ijumaa, ningemtazamaje usoni? Na wewe ningekutazamaje?"

"Kwa hiyo ulisema ili wewe uweze kuniangalia."

"Ndiyo! Pamoja na hayo mengine, ndiyo!"

"Toka nyumbani kwangu."

"Sitoki mpaka nesi aingie."

"Unataka nidungwe ili dhamiri yako ilale."

"Nataka udungwe ili uishi. Dhamiri yangu hailali, hata ukidungwa mara mia."

Walitazamana, wanaume wawili wenye vifua vya kike na mikono iliyonyauka, wote wakihema kama waliotoka kukimbia. Mshipa ulikuwa unapiga kwenye paji la uso la Mwalimu. Uso wake, uliokuwa umepauka kama chaki tangu Nehemia aingie, ulikuwa umepata damu.

"Nikifa," Mwalimu alisema polepole, "watasema Chilongani alisema kweli ikamuua Mwalimu. Watakuonea huruma. Watakuletea chai, watakwambia si kosa lako. Utalia vizuri kabisa mazikoni kwangu." Aliinama, akakiinua kiti, akakikalia. "Sikupi nafasi hiyo. Mwambie huyo mama aingie."

"Mwalimu..."

"Nitaishi, Chilongani. Nitaishi niendelee kukuchukia. Jumanne nitakuja, na huyo binti aniandikie zangu zile zile, thelathini na moja, kwa maandishi makubwa. Lakini wewe usisimame karibu yangu, wala usinipigie makofi. Ukinikuta njiani, vuka upande wa pili. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi toka."

Nehemia alifungua komeo la mlango wa mbele, akampisha nesi apite na kisanduku chake. Alikuwa amempoteza rafiki wa miaka sita, na alijua kabisa kwamba hatampata tena, si mwakani wala baada ya hapo. Alipofika barazani alisikia sauti ya Mwalimu ikitoka ndani, kali, ya kufokea darasa zima, ikimuuliza nesi kwa nini amechelewa.